Jina Chini ya Ngazi ya Usingizi

Katika mji ule hapakuwa na aliyelala kwa hiari yake, wala aliyepumua kwa pumzi yake. Pumzi ziliazimwa. Kila kitanda kilisimamiwa na mvukuto wake, chombo cha chuma chenye uso wa kioo, kilichompulizia mgonjwa hewa kwa mpira uliopita kinywani hadi kifuani. Kikapuliza, kikangoja, kikapuliza tena, bila huruma na bila kinyongo. Na kwa kuwa hakuna mja awezaye kuustahimili mpira kooni hali yu macho, aliletwa Sultani. Usingizi ndiye aliyekuwa Sultani wa mji ule. Alikuja mweupe kama maziwa, tone baada ya tone, katika mrija mwembamba ulioishia mshipani, na aliyeguswa naye alimsahau hata mama aliyemzaa.

Maalim Mselemu hakukumbuka aliingiaje mjini humo. Alikumbuka mkewe akikohoa siku tisa, na siku ya kumi midomo yake ikigeuka rangi ya zambarau. Alikumbuka mlango uliojifungua wenyewe, na mikono ya watu wasio maharimu ikimvua buibui. Baada ya hapo kilikuwepo kiti hiki, kando ya kitanda hiki, na saa ya ukutani ambayo kila alipoitazama ilionyesha saa tatu ya asubuhi; ama ilikuwa imesimama yenyewe, ama ni yeye aliyesimama. Hapakuwa na jana mjini mle. Mtu aliweza kukaa kitini akiwa na umri wa miaka sitini na minne, akainuka kwenda kutawadha akiwa kijana wa ishirini, na asipatikane wa kumshangaa.

Akakaa, na akaona wivu.

Yeye hakuuita wivu. Aliuita ghera, kwa kuwa ghera ina kilemba na joho, na wivu hauna hata kofia. Aliuonea ghera mvukuto, ulioingia na kutoka kifuani mwa mkewe mara kumi na nne kila dakika pasi na nikaha wala mahari. Akawaonea ghera waliomgeuza ubavu, wakamfuta mate, wakamchana nywele. Zaidi ya wote alimwonea Sultani, maana hao wengine waliugusa mwili tu, bali huyu alikwenda naye. Wapi? Huko alikokwenda naye kulikuwa na nini ambacho nyumbani hakikuwepo? Mbona uso wa mkewe ulikuwa mtulivu hivi, utulivu ambao kwa miaka thelathini na mitatu yeye mumewe hakuwahi kuuona ila umefunikwa na adabu? Maalim alikuwa mtu wa tungo tangu ujana wake, na tungo zilimjia kama wengine wanavyojiwa na kikohozi. Akamtungia Sultani ubeti, akausema kwa sauti ya chini:

Usingizi sultani, hana rungu wala gongo,
Huingia majumbani bila kugonga mlango,
Kanitwalia mwandani, kaniachia maungo,
Leo u wangu mgoni, usidhani nina chongo.

"Unamsomea dua, Maalim?" aliuliza muuguzi aliyekuwa akiibadili chupa.

"Ni... namna ya dua."

"Basi sema kwa sauti. Hapa hatunong'oni. Masikio ndiyo mlango wa mwisho kufungwa."

Muuguzi huyo aliitwa Sista Wakesho. Katika mji ule cheo chake kilikuwa Mlinzi wa Ngazi, nayo ngazi alimweleza Maalim siku ya kwanza, kwa vidole vyake, kama amfundishavyo mtoto hesabu. Ina vidato kumi, alisema. Vitano vimo chini ya ardhi, vinne viko juu yake, na kimoja ndicho ardhi yenyewe. Aliye kwenye kidato cha chini kabisa, hata ukimfinya hajui. Aliye juu kabisa hupigana na walimwengu na kuung'oa mpira kwa mikono yake mwenyewe. "Sisi twamtaka mtu ardhini, au kidato kimoja, viwili chini. Aitwe, aitike, kisha alale zake. Akikaa huko chini kisimani mno, misuli humwisha, akili humpotea, naye huizoea mashine. Ndiyo maana kila asubuhi, kwanza natazama kama ana maumivu, nayatuliza. Halafu nayafunga haya maziwa, namwita jina. Nataka afanye mambo mawili tu. Afumbue macho, na anibane mkono."

"Na asipofanya?"

"Tutaita tena kesho. Hapa, Maalim, kazi ya kulaza ni ndogo. Kazi ni kujua kiasi."

Asubuhi ya kwanza alimwita kwa jina la kwenye kadi. "Bi Mwanasiti! Bi Mwanasiti binti Omari! Fumbua macho, mama!" Kitandani pakawa kimya. Akamgeukia Maalim. "Mwite wewe. Sauti ya mume haisahauliki."

Maalim akainuka, akaiweka sawa kanzu yake, akaita kama alivyoita miaka yote, kwa jina la heshima alilompa yeye mwenyewe usiku wa harusi, jina refu lenye kubeba dhamana: "Mwenye nyumba." Akangoja. Akarudia: "Mwenye nyumba, mimi ni Mselemu." Mvukuto ukapuliza. Uso wa mkewe ulikuwa kama shuka iliyopigwa pasi.

Sista Wakesho akapapasa mfuko wa kifuani, akapapasa na wa kiunoni, akatazama sakafuni, mwisho akacheka peke yake. "Kalamu naitafuta, kumbe nimeichomeka kichwani! Leo nimepitiwa na chechele."

Hapo ndipo kope za mgonjwa zilipotetemeka.

Kope, kisha kidole cha shahada cha mkono wa kuume kikainuka juu ya shuka kiasi cha unene wa uzi, kikalala. Sista alikuwa ameinamia karatasi, akiandika namba ya kidato cha chini. Hakuona. Aliyeona ni Maalim peke yake, na alilolihisi halikuwa furaha. Tutamsitiri mja kwa mengine, ila hili halisitiriki: alihisi kama mtu aliyerejea nyumbani kwake akakuta viatu vya mwanamume mlangoni.

*

Chechele, kwa wasiomjua, ni kile kiumbe ambacho watu wa kale walisema kikikupitia huikosa njia uijuayo, ukaipita nyumba yako mwenyewe ukaenda kubisha kwa jirani. Hakuna aliyekiona. Hujulikana kwa walichokifanya waliopitiwa nacho. Na zamani, kabla Maalim hajawa mume, palikuwa na fundi wa saa aitwaye Badi. Kwa Badi alikuja binti mmoja na saa ya mezani ya babake, akangoja itengenezwe, akalipa, akaondoka akaisahau. Akaja kuichukua, akaongea, akacheka, akaondoka akaisahau tena. Mara ya tatu Badi alimwita kutoka barazani, kwa sauti iliyovutwa mwishoni kama mtu avutaye uzi: "Wee, Checheleee! Saa yako!" Binti akageuka. Jina likamkaa. Wakaoana, na kwa miaka sita hakuitwa vingine, hata siku Badi alipokufa kwa homa ya manjano neno lake la mwisho lilikuwa hilo, na hakulimaliza.

Eda ilipokwisha, Maalim Mselemu alimposa. Usiku wa kwanza, kabla ya kuvua kilemba, aliweka sharti moja. Jina lile lisitajwe nyumbani mwake. Alitoa hoja. Alitaja katazo la kuitana kwa lakabu za kejeli. Akataja haki ya mtu kuitwa kwa jina jema. Akataja wema wa kuyafunika ya jana. Hoja zilikuwa sahihi zote, na zote zilikuwa uongo. Bibi harusi aliinamisha kichwa, akasema, "Nimesikia." Hakulitaja tena yeye, wala jirani, wala ndugu, hata wazee waliolijua wakaisha mmoja mmoja, na duniani akabaki mwanamume mmoja tu alijuaye jina lile, naye ndiye aliyelizika.

Kalizika, ndiyo. Bali kalizika wapi? Hilo hakuuliza. Mwenye kuzika hudhani ardhi ni yake.

Sasa amejua. Alilizika ndani ya mkewe, chini kabisa, chini ya kidato cha tano, mahali ambapo sauti ya mume wa miaka thelathini na mitatu haifiki, na sauti ya marehemu hufika bila hata kuitwa, imepanda mgongoni mwa msemo wa muuguzi aliyepoteza kalamu.

Tazama, ewe nafsi. Dua zimefika mlangoni zikarudi. Jina la heshima limefika likarudi. Upuuzi umefika ukafunguliwa.

Mimi nilikuwa nani basi, miaka yote hii? Bawabu?

*

Alasiri ile Maalim alimwita Sista. "Mwanangu, mwongezee dawa."

"Kwa nini? Mapigo yake mazuri. Pumzi nzuri."

"Namwona anateseka."

Sista Wakesho akaenda kitandani. Akatazama paji la uso kama lina kunyanzi, akatazama vidole kama vimekunjika, akausikiliza mvukuto kama mgonjwa anashindana nao. Akachukua muda. Kisha akarudi, akasimama mbele ya kiti, mikono kiunoni.

"Hateseki. Anayeteseka ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe, mzee wangu. Tangu asubuhi hiyo tasbihi unaikamua kama chungwa. Kama una jambo, nenda ukapunge upepo, unywe chai. Haya maziwa hapewi mgonjwa ili jamaa yake atulie. Wangapi wamelazwa miaka kwa sababu kuna mtu pembeni hataki kuwaona wakifumbua macho?"

Hakuwa na nia ya kumchoma. Alisema kama asemavyo kila siku kwa watu wa viti vile. Lakini Maalim aliinamisha kichwa, kwa kuwa lile swali lilikuwa limekata kote kuwili. Alijiona usiku wa harusi, na kilemba chake, na hoja zake. Alijiuliza iwapo maziwa yale yalianza kutiririka juzi, au yalianza miaka thelathini na mitatu nyuma, na yeye ndiye aliyeishika chupa.

Asubuhi ya pili Sista aliyafunga maziwa, akaita. Hakuitikiwa. Maalim naye akaita. Hakuitikiwa. Akaja Tabibu Mkuu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaibonyeza kucha ya mgonjwa kwa kalamu. Mkono ukarudi nyuma kidogo, basi.

"Jamaa wengine hana?" aliuliza Tabibu.

"Mungu hakuturuzuku mtoto. Ndugu zake wametangulia."

"Na jina jingine?" Sista akadakia. "La utotoni, la utani? Nilikuwa na mzee mmoja hapa, tumemwita Yakobo siku tano, kimya. Akaja mjukuu akasema, 'Babu Kifimbo!' Mtu akafumbua macho akaomba ugali."

"Hana," alisema Maalim.

Neno lilitoka jepesi. Lingekuwa na uzito labda angelishika. Alikuwa mtu ambaye msikitini watu walimwachia amana zao, wosia zao, ushahidi wa mipaka ya viunga vyao. Naye akasema "hana", na mvukuto ukapuliza, na mbingu haikuanguka.

Tabibu akavua miwani. "Maalim, nitasema wazi. Kesho ni asubuhi ya tatu. Asipofuata hata amri moja, nitachukulia kwamba ubongo umeumia. Sitauvuta mpira, maana asiyeamka huzibwa na makohozi yake. Tutamtoboa hapa kooni, apumulie hapo, na iwe safari ndefu. Moyo wake ni dhaifu. Safari ndefu siioni akiimaliza."

"Na akifuata?"

"Akifuata, kesho hiyohiyo adhuhuri naanza kumwachisha mashine."

*

Aliswali adhuhuri, akarudi kitini, na usingizi ukamchukua yeye. Si Sultani, ni yule mdogo wa kawaida, wa wazee na viti. Alipofumbua macho, au alipodhani amefumbua, palikuwa na mtu amekaa upande wa pili wa kitanda. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, lenzi ya fundi saa imebanwa jichoni, ameufungua mgongo wa mvukuto na kuchungulia ndani.

"Hii haina majira," alisema kijana. "Ina hesabu tu. Assalaamu alaykum, Maalim."

Salamu ni haki, hata ikitoka kwa mgoni. "Wa alaykumu ssalaam, Badi."

"Umezeeka."

"Wewe hukupata nafasi."

Badi akacheka. Kicheko hicho kilimuudhi Maalim kuliko tusi, maana kilikuwa cheupe, hakikuficha kitu chini. "Wanionea wivu, nami sina hata kivuli. Wewe umekula naye miaka thelathini na mitatu. Miguu ikimuuma wamkanda wewe. Mimi sijui hata kama ana mvi."

"Anazo."

"Nyingi?"

"Kama pamba," alisema Maalim. "Alipozipata za kwanza aliniuliza kama azitie hina. Nikamwambia aziache."

"Basi. Hilo silijui mimi."

Wote wawili wakamtazama aliye baina yao. Kisha Maalim akatoa lile lililokuwa likimla ini: "Kwa nini akusikie wewe?"

"Hanisikii mimi. Mimi nimekufa, Maalim. Wafu hawaiti watu. Pale barazani nilitaka tu achukue saa yake aende, niliitupa sauti kama mtu atupavyo kokwa. Aliyeiokota ni yeye. Kama angelikataa, ningemwita nani?"

"Lakini ulimpa wewe."

"Na wewe ukampokonya. Tuulizane sisi tuliompa na kumpokonya, au tumwulize aliyekuwa akiitika?" Akaufunga mgongo wa mvukuto, akavifuta vidole kwenye msuli wake. "Ukitaka nishinde, nyamaza. Atakuja kwangu kabla ya mwezi kwisha, nami nitamwita upya."

Alikisema hicho bila ukali, kama mtu amkumbushaye mwenziwe kwamba mvua inakuja. Maalim akataka kumjibu kwa hoja, naye alikuwa na hoja nyingi, za sheria na za lugha. Akaangalia kioo cha mvukuto. Palikuwa na sura moja tu, nayo hakuweza kuapa kwamba ni ya nani.

*

Asubuhi ya tatu maziwa yalifungwa. Sista Wakesho akangoja kiasi, akamtazama mgonjwa paji na vidole, akajisafisha koo aite. Tabibu alikwisha simama miguuni mwa kitanda, karatasi ya kutoboa koo mkononi, imeandikwa yote ila sahihi.

"Ngoja, mwanangu," alisema Maalim. "Nilikwambia hana jina jingine. Nilisema uongo."

Sista alimgeukia polepole. "Umesema nini?"

"Analo. Nililijua tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza ulilitaja wewe mwenyewe bila kujua, akatikisa kope, nikaona, nikanyamaza."

"Siku tatu, Maalim!" Sauti ya Sista ilipanda hadi vitanda vya jirani. "Siku tatu namwandika mtu yu kisimani, kumbe yu mlangoni anangoja! Wewe ndiye wa kushika tasbihi?"

"Nimestahili. Niseme hapa, na nitasema mbele ya Mola wangu. Lakini kwanza niache nimwite."

"Niambie mimi, nitaita mimi. Sauti yako sasa hivi yatetemeka."

Hapo palikuwa na mlango mdogo wa kutokea, naye aliuona. Angeweza kumnong'oneza muuguzi neno lile, likatoka kinywani mwa mwingine, na ulimi wake ukabaki safi kama alivyoshurutisha usiku wa harusi. Alisita. Alijua kwamba hata sasa, hali mkewe anakufa, kimo ndani yake kitu kinachotaka kushinda. Akaomba msamaha kimoyomoyo, si kwa maneno mazuri. Alisema tu, Yaa Rabi, nitoe humu.

Akainama sikioni mwa mkewe. "Chechele," akasema.

Kimya. Alilisema kama alisemavyo mtu asomaye shtaka. Sista akafungua kinywa. Tabibu akamzuia kwa mkono.

Maalim akafunga macho. Mwito ule alikuwa ameusikia mara moja tu maishani, akiwa mpita njia, kijana wa vitabu kwapani, njia ya kwenda darasani ikipita mbele ya baraza la fundi saa. Alimwona binti akigeuka. Naam, hata hilo alikuwa amelificha: kwamba alimwona siku ileile, akampenda siku ileile, na kwamba aliyeitwa alikuwa amegeukia upande mwingine. Akailegeza shingo. Akaiacha sauti ivutike mwishoni, kama uzi, kama upuuzi, kama mtu asiye na kilemba.

"Wee, Checheleee!"

Macho yalifumbuka.

Hayakumtazama yeye. Yalikwenda mlangoni, yakatafuta. Yakaja dirishani, yakatafuta. Yalimpita usoni kama watu wampitavyo mtu wasiyemngoja, na Maalim alikaa pale akapitwa, wala hakuugeuza uso wake. Kisha macho yalichoka kutafuta. Yakarudi taratibu, yakatua juu ya ndevu zake nyeupe, yakatulia hapo.

"Mwambie akubane mkono," alinong'ona Sista, aliyekataza kunong'ona.

"Chechele. Nibane mkono."

Alibana. Vidole vilikuwa baridi, na nguvu zake zilikuwa za ndege, lakini alibana. Na alipoambiwa aachie, aliachia. Na kisha, bila kuamriwa na yeyote, akabana tena. Tabibu aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akaenda kuagiza vifaa vya kumwachisha mashine. Sista Wakesho alijifuta jicho kwa kiwiko, akaivuta kalamu kutoka kichwani, akaandika. Hasira zake zilikuwa bado, ila zilikuwa zimekaa chini.

"Jina lenyewe tamu," alisema akiandika. "Nani alimpa?"

"Mumewe."

"Hee! Kumbe Maalim nawe ulikuwa mtu wa mambo!"

"Si mimi, mwanangu," alisema Maalim Mselemu, mkono wake ungali mkononi mwa mkewe, naye mkewe akimsikiliza kwa macho. "Mimi ni wa pili."